Likizo ya Kilwa Bila Kurudi na Majuto: Mwongozo Kamili wa Magofu, Maji na Mapishi

Kila sikukuu zikiisha nasikia malalamiko yaleyale. Mmoja amefika Kilwa, ameona ngome moja, amekula chipsi kuku, amerudi Dar. Mwingine amekaa Kilwa Masoko, mji wa bandari, siku mbili akiisubiri boti ya kisiwa cha magofu cha Songo Mnara, kila asubuhi anaambiwa maji hayaruhusu. Wa tatu ameshuka basi Jumamosi jioni na kukuta ofisi ya vibali vya kuingia magofuni imefungwa.

Wote walikuwa na pesa na nia. Kilichowaangusha ni kwamba walipanga safari kwa kalenda ya ofisini kwao, wakati Kilwa inaendeshwa na maji ya bahari, na maji yanaendeshwa na mwezi. Maji ndiyo yanayoamua utafika kwenye gofu lipi, saa ngapi, na mchana huo sufuriani kutakuwa na nini.

Historia sitaisimulia hapa. Mwongozaji utakayemlipa kule ataisimulia vizuri zaidi, tena akiwa amesimama mahali penyewe. Mimi nakupa mpangilio wa kukufikisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukata tiketi

- Kitambulisho cha Taifa, kile cha NIDA, au pasipoti. Mtanzania na mgeni kutoka nje hawalipi kiingilio sawa, na bila kitambulisho huna cha kubishania.
- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Ile ya ukutani inatosha, na ya kwenye simu pia. Huhitaji kuwa Mwislamu. Unachotaka ni umri wa mwezi.
- Pesa taslimu za noti ndogondogo, pamoja na salio la kutosha kwenye simu. Visiwani hutapata mashine ya benki, na nahodha hana chenji ya noti ya elfu kumi.
- Raba kuukuu za kufunga kamba, zinazoweza kulowa. Ndara hunasa kwenye tope la mikoko na kubaki hukohuko, na peku utakatwa na chaza.
- Kofia, miwani ya jua, na maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili kwa mtu kwa kila siku ya visiwani.
- Mfuko wa plastiki mzito au begi lisilopitisha maji, kwa ajili ya simu na vibali.
- Nguo za kufunika magoti na mabega, na kanga au kikoi cha ziada.
- Dawa ya kufukuza mbu, dawa zako za kawaida, na kidonge cha kuzuia kichefuchefu kama bahari huwa inakusumbua.

Hema, jiko na vyakula vya makopo viache nyumbani. Masoko ina nyumba za wageni za kila aina, na kwenda Kilwa kula vya makopo ni kujidhulumu.

## Hatua ya 1: Chagua wiki kwa kutazama mwezi

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo soma taratibu.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini au zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, tunapata maji mafu: tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Watu wengi hawajui kwamba saa nazo hujirudia. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, kuanzia karibu saa nne.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Songo Mnara. Kule boti hufika ukingoni mwa mikoko. Maji yakiwa yamepwa, chombo hukwama mbali na wewe utatembea kwenye tope muda mrefu. Unataka kufika maji yakiwa yanajaa na kuondoka kabla hayajapwa. Ukienda siku ya bamvua, saa nne asubuhi utakuta tope tupu. Itakubidi ungoje mpaka mchana, na utarudi jioni bahari ikiwa imechafuka. Ukienda siku ya maji mafu, unatoka asubuhi na mapema, unafika maji yakipanda, na adhuhuri uko njiani kurudi.

Jikoni ni kinyume chake. Pweza huchokolewa mwambani, na mwamba huonekana vizuri wakati wa bamvua. Dagaa, vibua na samaki wengine wanaovuliwa kwa taa hupatikana kwa wingi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi wa taa hupumzika na kushona nyavu.

Ukiyaweka yote pamoja, jibu linajitokeza lenyewe: fika karibu na tarehe 21 ya mwezi wa Kiislamu, uondoke tarehe 26 au 27. Mwanzoni una maji mafu kwa ajili ya Songo Mnara. Mwishoni bamvua inakaribia, giza limetanda, watu wameanza kushuka mwambani na ndoo za samaki zimejaa. Ukishindwa, tumia tarehe 7 hadi 12. Magofu utayapata vilevile, ila samaki wa taa watapungua kadiri mwezi unavyozidi kung'aa.

Kalenda zikipishana siku moja, usihangaike. Lengo ni kuikwepa siku mbaya kabisa, na hesabu ya mwisho atakupa nahodha.

Onyo: mwishoni mwa Ramadhani mpango huu unayumba. Mchana migahawa mingi hufungwa, manahodha wamefunga, na siku za mwisho kila mtu anawaza Idi. Futari ya Kilwa ni tamu kupita maelezo, lakini iendee kama safari ya futari, magofu yawe ziada.

## Hatua ya 2: Chagua msimu

Hapa ni kwa ufupi. Masika, Machi hadi Mei, ikwepe. Barabara ya kusini imewahi kukatika kwa mvua: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mawasiliano yalikatika eneo la Somanga na wasafiri wakalala njiani.

Juni hadi Agosti kumekauka na hewa ni nzuri, ila kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu. Kwenda Songo Mnara, ambayo iko kusini ya Masoko, utakuwa unaukabili upepo na utalowa, kurudi unasukumwa. Septemba na Oktoba kusi inalegea na mvua bado. Mimi ningeichagua miezi hiyo bila kufikiri mara mbili, tena Oktoba korosho mpya zinaanza kuonekana. Desemba hadi Februari ni kaskazi, upepo wa kaskazini: joto kali, na mvua huweza kuingilia.

## Hatua ya 3: Fika Masoko mapema mchana

Kuna Kilwa tatu na watu huzichanganya. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, na ndiko bandarini. Kilwa Kivinje ni mji mkongwe wa pwani, uko kaskazini yake. Kilwa Kisiwani ndiko kwenye magofu. Unakwenda kulala Masoko.

Kutoka Dar, mabasi ya kusini hupakia Mbagala Rangi Tatu. Yapo yanayofika Masoko moja kwa moja. Ukikosa, panda lolote la Lindi, Mtwara au Masasi na ushuke Nangurukuru, kilomita takriban 300 kutoka Dar. Mwambie kondakta tangu unapanda, na mkumbushe mkishavuka daraja la Mkapa kule Rufiji. Kuna waliosinzia wakaamkia Lindi.

Nangurukuru ni njia panda. Kutoka hapo hadi Masoko ni kama kilomita 30 za lami, na kuna daladala, bajaji na bodaboda. Nunua korosho za kutafuna, usikae. Panda basi la kwanza la alfajiri ili ufike kabla ya saa tisa, kwa sababu hatua inayofuata inategemea ofisi iliyo wazi.

Tafuta chumba unachoweza kutoka kwa miguu hadi gatini. Mandhari ya ufukweni ni nzuri, lakini saa kumi na mbili asubuhi utaifurahia zaidi njia fupi.

## Hatua ya 4: Kata kibali siku hiyohiyo

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na kwa sasa yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usishangae kukuta watu wa wanyamapori ndio wanaokukatia kibali cha misikiti na makasri.

Nenda ofisini Masoko ukiwa na kitambulisho. Taja visiwa vyote viwili na siku zote unazotaka. Utapewa kontroli namba, yaani namba ya kulipia, utalipa kwa simu au benki, na utabaki na risiti. Iangalie kabla ya kutoka: jina, idadi ya watu, tarehe. Kama mmoja wenu ana pasipoti ya nje, hilo lisemwe hapo mezani, lisizuke mkiwa kisiwani.

Onyo: usimlipe kijana wa gatini anayesema kibali utakikuta kulekule. Na kama siku yako ya kufika inaangukia mwisho wa wiki, piga simu Ijumaa asubuhi ujue kama kutakuwa na mtu. Hatua hii imefanikiwa pale risiti inapokuwa mkononi na jina la mwongozaji umeshapewa. Ukiambiwa "njoo kesho tutaona," bado.

## Hatua ya 5: Patana na nahodha jioni, gatini

Nenda gatini jua likiwa limeshuka, wakati vyombo vinarudi. Salamu kwanza. Mzee yeyote utakayemkuta amekaa kwenye kivuli anastahili shikamoo, hata kama hatakuwa na chombo, maana yeye ndiye atakayekuambia nani ana injini nzuri na nani ana maneno mazuri.

Kwenda Kisiwani mashua ya tanga au boti ndogo inatosha, kwa sababu mlango wa bahari wa kuvuka ni kama kilomita mbili tu. Kwenda Songo Mnara hitaji boti ya injini. Watu wamewahi kushawishiwa kwenda kwa tanga ili wapunguze gharama. Upepo ukikata, mtalala baharini.

Mkubaliane mambo haya kwa sauti, mbele ya mtu wa tatu:

- Bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu?
- Mafuta yamo ndani ya bei?
- Saa ya kutoka na saa ya kurudi. Hapa muulize, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hujibu papo hapo bila kutazama simu. Akibabaika, mshukuru uende kwa mwingine.
- Majaketi okozi yapo mangapi? Omba uyaone usiku huohuo. Neno "yapo nyumbani" halikusaidii asubuhi.
- Atakusubiri, au atakwenda kuvua kisha akurudie?

Toa kianzio cha mafuta, baki na iliyobaki mpaka mrudi. Hakuna atakayenuna, ndivyo kazi inavyokwenda.

## Hatua ya 6: Songo Mnara kwanza

Wengi huanza Kisiwani kwa sababu ni karibu, kisha hali ya hewa inachafuka na Songo Mnara inawapita. Anza na ya mbali, uwe na siku ya akiba.

Toka Masoko saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi. Boti ya injini huchukua zaidi ya saa moja kila upande, kutegemea injini na mawimbi. Vaa raba tangu gatini. Ukifika, utashuka kwenye maji ya magotini na kupita kati ya mikoko. Weka simu juu, usiikimbilie picha bado.

Kisha magofu yanatokea ghafla katikati ya miti. Tofauti na Kisiwani, hapa unaona mji: misikiti mitano, jumba kubwa, na nyumba zaidi ya thelathini za matumbawe na chokaa, mji ulioishi zaidi karne ya 14 hadi ya 16. Usikimbilie jumba kubwa. Chagua nyumba moja ya kawaida na uiingie kama mgeni: pandisha ngazi, pita uani, kisha chumba cha mbele, kisha vya ndani vinavyozidi kuwa na giza. Tazama vishubaka vya ukutani na mianya ya boriti juu. Mzaliwa wa pwani atatambua mpangilio huo mara moja, maana nyumba za bibi zetu bado zinakwenda hivyo: baraza la watu wote, ndani ni kwa wenye nyumba.

Onyo: usipande kuta. Chokaa ina miaka mamia, na jiwe moja likichomoka ukuta wa jirani unalegea. Kuna nyoka pia, kwa hiyo mwachie mwongozaji atangulie kwenye majani.

Nahodha akiita, ondoka. Hata kama bado picha mbili. Maji hayamngoji mtu, na mtakaosukuma boti kwenye tope ni nyinyi.

## Hatua ya 7: Kilwa Kisiwani kwa mpangilio unaopendeza

Utateremka karibu na Gereza, ngome yenye mlango mzuri wa kuchongwa. Wareno waliweka ngome hapa 1505, na hii inayoonekana leo ni kazi ya Waomani. Kila mtu hutumia nusu saa hapa kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Ipite, utairudia.

Kabla ya kutembea, fanya jambo moja: agiza chakula. Kisiwani kuna kijiji cha watu wanaoishi, na mwongozaji atakupeleka kwa mama atakayekubali kupika. Kuku wa kienyeji au samaki wa nazi anahitaji saa mbili, tatu. Ukiagiza ukiwa tayari na njaa, utaambulia biskuti za dukani.

Kisha nenda moja kwa moja Husuni Kubwa, upande wa mashariki, jua likiwa bado pole. Ni kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya mwanzoni mwa karne ya 14, mtawala aliyekuwa madarakani msafiri wa Morocco Ibn Battuta alipopita hapa 1331. Ina vyumba zaidi ya mia, imekaa juu ya jabali linaloitazama bahari. Kituo chako ni bwawa la pembe nane. Simama ukingoni mwake uangalie upande wa maji, utaelewa kwa nini mtu mwenye dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, alitaka kuogea hapa.

Rudi magharibi hadi Msikiti Mkuu. Ingia upande wa kaskazini, sehemu kongwe isiyo na paa, kisha vuka kwenda upande wa kusini wa kuba na matao. Hapo kaa chini. Nguzo zimepangana kiasi kwamba ukisogeza kichwa kidogo, safu moja inafungwa na nyingine inafunguka hadi ukutani. Jua la saa tano huingia kwa vipande, na chokaa inaonekana ilivyosuguliwa kwa mkono. Vua viatu ukiweza. Hakuna anayekulazimisha, lakini ni msikiti.

Karibu yake kuna msikiti mdogo wa kuba, na ndani ya dari yake tafuta palipopachikwa mabakuli yaliyong'arishwa. Malizia na Makutani, jumba kubwa lililo upande wa baharini.

Ufukweni utakanyaga vigae: vipande vya vyungu, vingine vya kijani kilichopauka vilivyotoka Uchina. Inama, tazama, acha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuviondoa, na mwongozaji wako ndiye atakayeulizwa. Watoto wakija na sarafu au shanga za kuuza, kataa kwa upole.

Umefanya vizuri ikiwa unarudi kwa mama aliyepika saa saba hivi, miguu imechoka, na hujakimbia mahali popote.

## Hatua ya 8: Kula Kilwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu malalamiko ya chakula ndiyo mengi, na karibu yote yanatokana na kuingia mgahawani saa saba na kuuliza "Kuna nini?" Utajibiwa kilichobaki. Ukitaka kula vizuri, anzia kwenye samaki, ndipo utafute mpishi.

Asubuhi. Toka saa kumi na mbili. Kuna vitumbua vya moto, mkate wa kumimina, mihogo ya nazi, maharage ya nazi, na chai ya tangawizi. Kitumbua kizuri kina ukingo mkavu wa kahawia na katikati bado laini. Kikiwa na mafuta yanayochuruzika, mama aliweka unga kabla kikaango hakijashika moto. Mngoje mzao wa pili.

Samaki. Subiri vyombo viingie, kisha nenda na mwenyeji kwenye mnada. Angalia macho: yawe yamejaa na meusi, si ya ukungu. Fungua mashavu: ndani kuwe kwekundu. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikirudi, chukua. Changu na tasi ni wa kuchoma. Nguru na kolekole ni wa mchuzi. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, usimwogope, akikaushwa na kupikwa kwa nazi huwapita wote, ila harufu yake ya mwanzo huwafukuza wageni.

Pweza. Ukiwa umefuata kalenda niliyokupa, siku zako za mwisho utawaona wachokoaji wakirudi na mishikaki ya pweza mabegani. Nunua aliyevuliwa leo. Ngozi yake bado inang'aa na haina utelezi mzito. Lazima apigwepigwe kabla ya kupikwa, la sivyo utatafuna mpaka Nangurukuru. Mpishi mzuri humwacha achemke kwa maji yake mwenyewe, chumvi inaingia mwishoni, kisha tui jepesi, na tui zito likifuata moto ukiwa mdogo ili lisikatike. Mchuzi ulioiva una mafuta ya nazi yaliyoelea juu kwa duara ndogondogo. Baadhi ya vijiji vya ukanda huu hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiambiwa imefungwa, usimtafute wa magendo, kula ngisi.

Jioni kuna supu ya pweza mabandani, pilipili na ndimu pembeni. Wanaume huisifia kwa sababu mnazozijua. Mimi naisifia kwa sababu ni supu nzuri.

Mpishi. Mkabidhi mama lishe samaki asubuhi, lipia nazi, viungo na mkaa, na mkubaliane saa. Mwambie unataka "kama mnavyokula nyumbani." Kauli hiyo huleta wali wa nazi, kisamvu, na kachumbari ya embe bichi. Ukisema tu "pika vizuri," ataona umezoea hotelini na atakukaangia chipsi.

Uliza pia ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa, ambayo ukivuka Rufiji kurudi Dar huipati kirahisi. Na kama kuna juisi ya ubuyu au ukwaju, kunywa. Barafu yake ndiyo ya kuhoji.

## Hatua ya 9: Siku ya Kivinje

Watu wengi huiacha. Usiiache. Panda daladala, shuka njia panda ya Kivinje, na bodaboda ikuingize mjini.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawaka. Utakuta nyumba kongwe za ghorofa zenye milango ya kuchonga, nyingine zimebomoka huku mti umeota sebuleni, na Boma la Wajerumani ukingoni mwa bahari. Omba kuelekezwa Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani waliponyongea wapiganaji waliowapinga. Kivinje ilikuwa pia mwisho wa njia za misafara ya watumwa kutoka bara. Hakuna kiingilio, hakuna foleni, na hakuna bango litakalokueleza kila kitu, kwa hiyo tafuta mzee wa mtaa aongozane nawe, na umpe cha kahawa bila kusubiri akuombe.

Onyo dogo: nyumba nyingi zinazoonekana kama magofu zina wenyewe. Piga hodi kabla ya kuchungulia. Wanawake wakiwa barazani, salimia kwanza na kamera ibaki mfukoni.

Samaki wa Kivinje ni wengi. Kama bado hujanunua ng'onda wa kupeleka nyumbani, nunua hapa, mkavu kabisa anayelia ukimgonga. Aliyelegea katikati ataoza kabla hujafika Mbagala, na abiria wenzako hawatakusamehe.

## Mambo yakienda kombo

Nahodha anasema leo hatuendi. Mwamini. Badilisha siku: nenda Kivinje leo, visiwani kesho. Ndiyo maana nimekupa siku tano, ingawa kwa magofu peke yake tatu zingetosha.

Umepata mwisho wa wiki tu. Achana na Songo Mnara. Fika Ijumaa mchana ukate kibali, Jumamosi nzima Kisiwani, Jumapili kula na kurudi. Ukijaribu visiwa viwili kwa siku moja utaviona kutoka baharini.

Mna watoto wadogo au mzee. Kisiwani inawezekana, ila kutoka Gereza hadi Husuni Kubwa ni mwendo. Mwombe nahodha aangalie kama maji yanaruhusu kuwashushia karibu zaidi upande huo. Kwa Songo Mnara, kwa sababu ya kule kushuka majini, ningewaacha wapumzike Masoko.

Bei imebadilika mkiwa katikati ya bahari. Usigombane chomboni. Sema, "Tutaongea tukifika," na mkifika gatini muite yule mtu wa tatu aliyesikia makubaliano.

Tumbo limechafuka. Maji ya chumvi na sukari, madafu, na hospitali ya Masoko kama halijatulia kufikia jioni. Siku hiyo usipande boti.

Tiketi ya kurudi ikate usiku wa kuamkia safari, kwa sababu mabasi ya Dar hutoka alfajiri na yakijaa yamejaa. Omba kiti cha upande wa kushoto; asubuhi jua litakuwa kulia kwako mpaka Rufiji. Ng'onda mweke kwenye buti, korosho kaa nazo.